Panya wa Sakristia

Marahaba, wajukuu zangu, marahaba wote kwa pamoja, maana nikiitika mmoja mmoja hatutafika mbali. Edita, mwenyekiti wa vijana wa kanisa letu hapa Mbamba Bay, alikuja barazani kwangu, akapiga goti la shikamoo vizuri kabisa, halafu akanibebesha kazi. "Babu, vijana wanapoa. Huyu tunamwona Pasaka, yule tunamwona kwenye harusi tu. Tuandikie kitu kuhusu kuvumilia katika imani mtu anapokata tamaa." Nikamwambia mimi ni fundi cherehani mstaafu, mambo hayo amwulize padre. Akajibu, "Padre tumeshamsikia, Babu." Halafu, alipokuwa ananyanyuka, akaongeza: "Na hata wewe siku hizi hatukuoni." Hilo nikajifanya sikulisikia. Masikio ya uzeeni yana faida zake.

Haya basi, mmetaka ya fundi, mtapata ya fundi. Mmezoea kuniona upande wa besi kwenye kwaya, kichwa kimejaa mvi, mkadhani sisi wazee tulizaliwa na imani kama tulivyozaliwa na masikio. Wapi! Kuna wakati mimi nilimwacha Mungu, tena kwa hasira, nikaapa kwamba kanisani nitarudi nikiwa nimebebwa. Na aliyenirudisha ni panya. Msicheke, someni taratibu, tutafika.

Kushona nilifundishwa kule Mbaha na Mzee Anania, fundi aliyevuka ziwa kutoka kisiwa cha Likoma, akaoa huku, akasahau kurudi. Alikuwa mfupi, mkali, na pini zilikaa mdomoni mwake kutwa nzima, hivyo hata alipokugombeza aligombeza kwa meno yaliyobanwa. Alinifundisha kumpima mtu mwenyewe, siyo nguo yake ya zamani, kwa sababu nguo ya zamani inakuambia alivyokuwa, haikuambii alivyo. Alinifundisha kurowesha kitambaa cha pamba kabla ya kukikata, ili kirudi kwanza na kumaliza vituko vyake. Na alinifundisha kwamba uzi ukikatika katikati ya mshono, usianzie pale ulipokatika. Rudi nyuma mishono mitatu minne, shona juu ya ile ya zamani inayoshika, ndipo uendelee mbele. Ukianzia palepale, utaona mshono mzuri kwa macho, lakini ukivutwa kidogo tu unaachia. Hilo la tatu liwekeni akilini, nitalihitaji baadaye.

La pili, la kurowesha, nililidharau. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimefungua baraza langu hapa Mbamba Bay, na kwaya ya kanisa ikaniletea kazi ya sare. Sketi za bluu za akina mama, kitambaa kizuri cha pamba. Walikuwa wamealikwa kuimba Mbaha na siku zilikuwa zimebana, nikaona kurowesha ni kupoteza muda. Nikakata, nikashona, nikapiga pasi. Wakapanda boti asubuhi wakiwa wamependeza mno, mimi nimekaa katikati yao nimevimba kwa sifa.

Ziwa siku hiyo lilikuwa na mbwembwe. Mawimbi yakatumwagia maji kuanzia Lundo mpaka tunafika, kwaya ikashuka ufukweni imelowa chapachapa. Halafu jua likatoka. Jamani! Kadiri sketi zilivyokauka ndivyo zilivyopanda. Wakati wa wimbo wa kuingilia zilikuwa magotini, na wimbo wa sadaka ulipofika, kila mama alikuwa anaimba huku mkono mmoja unavuta sketi chini. Mwalimu wa kwaya alidhani wameongeza mtindo mpya, akafurahi, naye akaanza kucheza hivyohivyo. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akanifuata nje: "Fundi, umetushonea kwaya au umetushonea timu ya mpira?" Mzee Anania alikuwa benchi la mbele. Alitoa pini zote mdomoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaniuliza neno moja tu: "Ulirowesha?" Nilitamani ziwa linimeze.

Na Mbinga nako nilipata yangu. Enzi za ruksa zilipoingia, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu, wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda milimani na magari yao, na msimu ukifika Wamatengo, wenyeji wa huko, walitaka suruali mpya. Nikapakia cherehani juu ya lori, nikapanda. Nilikata suruali kwa mtindo wa pwani ya ziwa, mapaja yamebana kidogo, maana huku kwetu tunatembea kwenye mchanga na mtu hana haja ya kuinua goti. Sikufikiria kwamba mwenzangu wa Umatengo anainua goti mpaka tumboni kutwa nzima, akipanda shamba moja na kushuka lingine. Jumapili wakaingia kanisani kwao wamepiga suruali zangu. Wakati wa kupiga magoti ulipofika, tra! Halafu tra! Halafu tra, safu nzima! Jumatatu mzee mmoja alinijia na suruali yake mkononi, hakukasirika hata kidogo. "Fundi," akaniuliza kwa upole, "kwenu hamna milima?" Nikamwambia, "Ipo, Baba, ila tunaitazama tu." Tangu siku hiyo mteja akija simwulizi kwanza anataka mtindo gani. Namwuliza anakwenda wapi na nguo hiyo.

Sasa hizo ruksa zilizonipeleka Mbinga ndizo zilizoninyonga. Kabla yake, kitambaa kilikuwa shida. Kilikuja kwa jora kwenye duka la ushirika, watu wakapanga foleni, na aliyebahatika kupata alikileta moja kwa moja kwa fundi. Fundi alikuwa mfalme, bwana! Nilikuwa nikipita njiani watu wananiita kwa jina, wananipa samaki. Halafu milango ikafunguliwa, na malori yakaanza kushuka na marobota ya mitumba. Mtu anachambua kwenye fungu pale sokoni, anapata shati, anapata koti, anavaa palepale, anaondoka. Mimi nipo barazani nakanyaga pedali, nashona hewa.

Nikajipa moyo kwamba kuna jambo moja ambalo mtumba hauwezi kuligusa, nalo ni Kipaimara. Askofu alikuwa haji kila mara, na alipokuja, watoto wa kipaimara walivaa nguo nyeupe mpya, zilizopimwa na kushonwa. Ndivyo ilivyokuwa tangu wazazi wetu, na hapa kwetu nguo hizo nilizishona mimi. Basi iliposikika kwamba Askofu anakuja, nikapanda Mbinga, nikakusanya yote niliyokuwa nayo, nikanunua jora zima la kitambaa cheupe. Nikashuka nalo juu ya lori la mahindi, nimelikumbatia ili lisichafuke. Mke wangu Agnesi, ambaye ninyi mnamwita Bibi Hilda na mimi namwita Mama Hilda kwa jina la binti yetu, alilitazama lile jora, akasema taratibu, "Baba Hilda, watu wananunua mtumba." Nikamwambia, "Kwa Kipaimara? Haiwezekani."

Safari hii nilirowesha. Nikaanika uani, nikakunja, nikaweka mezani. Na kila asubuhi kabla ya kufungua mashine niliweka mkono juu ya jora, nikaliombea. Sikuomba utajiri. Niliomba kazi ya mikono yangu.

Hakuja mtu. Siku ya Kipaimara nilikaa kanisani nikaangalia watoto wanapanga mstari, wote weupe pepepe, wote mtumba. Binti mmoja alivaa gauni la harusi la Ulaya, mkia wake unazoa mchanga mpaka altareni. Mwingine alivaa koti la nesi lenye jina la nesi mwenyewe kifuani. Kijana mmoja alivaa nguo za karate, na mkanda wake ameufunga. Askofu alipofika kwa huyo alisita kidogo kumwekea mikono, nadhani alitaka kuhakikisha usalama. Leo nacheka. Siku ile sikucheka. Niliwatazama watu niliowashonea maisha yao yote, wengine nikiwashonea bure, na wote walikuwa wamepita mbele ya baraza langu wakaenda kwenye fungu. Nikamtazama na Mungu niliyemwomba kila asubuhi. Nikaona nilikuwa naongea na ukuta.

Iliniuma, wajukuu zangu. Iliniuma kuliko ninavyoweza kuwaeleza. Jumapili iliyofuata sikwenda, na iliyofuata, na iliyofuata. Kwaya nikaacha. Kusali nikaacha, hata kile chakula cha jioni nikawa nakila kavukavu bila kushukuru. Padre wetu wa wakati ule, Padre Barnaba, alikuja mara moja, nikamwambia, "Padre, niache kwanza." Akakaa kidogo, akanywa maji, akaniacha. Mama Hilda hakunigombeza. Jumapili alikwenda kanisani peke yake, akarudi, akapakua ugali na usipa, dagaa wa ziwa letu, akasema, "Kula, Baba Hilda," basi. Laiti angenigombeza, ningepata la kujibu.

Hapo ndipo panya alipoingia.

Jumatatu moja akaja Mzee Kanuti, aliyekuwa akitunza sakristia, pale padre anapovalia. Mkononi kashika kanzu nyeupe ya padre, kazi ya mikono yangu, niliyomshonea Padre Barnaba alipoletwa kwetu. "Fundi, upindo umefumuka. Jana padre nusura ajikwae na kikombe mkononi."

"Umefumuka? Upindo wangu?"

"Ndiyo huu, tazama mwenyewe."

Vijana, niwaambie jambo moja. Naweza kukubali kwamba mimi ni mbaya wa sura. Naweza kukubali kwamba sijui kuogelea vizuri na nimezaliwa ziwani. Lakini upindo wangu haufumuki. Naukunja mara mbili, naupiga mshono mara mbili. Basi nikaushona huku nanung'unika kuhusu nyuzi za siku hizi, nikamrudishia. Jumatatu iliyofuata, hodi, Mzee Kanuti. Umefumuka tena, upande wa pili. Nikaushona. Jumatatu nyingine, hodi! Hapo nikaipeleka kanzu juani nikaikagua. Uzi uliokatika wenyewe kwa kuchakaa, ncha zake hutoa manyoya. Uzi uliokatwa kwa wembe, ncha zake ni safi. Na hizi zilikuwa safi.

"Panya hao," akasema Mzee Kanuti.

"Panya wa wapi anayekula uzi akaacha kitambaa? Tena mbona anakula mwisho wa wiki tu?"

"Labda ni panya mwenye ratiba," akasema mzee, hata hakutabasamu.

Mimi moyoni nilishapata mtu wangu. Palikuwa na fundi mwenzangu, Zakaria, aliyeacha kushona akafungua fungu la mitumba. Nikasema huyu ananichafulia jina, anataka watu waseme nguo za fundi hazidumu. Nitamkamata. Jumapili nikaamka mapema, nikanyoa ndevu, nikachukua sindano na uzi, nikaenda kanisani. Msije mkasema nilikwenda kwa ajili ya Mungu. Nilikwenda kulinda upindo.

Nikaikuta kanzu imetundikwa sakristia, imeshafuliwa, na upindo umeshafumuliwa. Kengele inalia, padre anataka kuvaa. Akaivaa hivyohivyo, akasimama, nami nikapiga magoti sakafuni nikaanza kumshona akiwa ndani. Nilikuwa sijapiga goti tangu Kipaimara. Padre Barnaba alitulia tu asije akachomwa. Nilipokata uzi kwa meno akasema, "Asante, Fundi. Uwe unakuja mapema na sindano yako, maana hali ndiyo hii."

Basi nikakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Watu wote wanatazama altareni, mimi natazama miguu ya padre. Jumapili iliyofuata tena hivyohivyo, magoti, sindano, benchi la mwisho. Nikawa mlinzi wa upindo. Zakaria hata hakuwa anakanyaga karibu na sakristia. Alikuwa anakaa mbele na familia yake, anaimba vibaya kwa furaha.

Jumapili moja katika hizo padre alihubiri habari za Eliya, nabii aliyechoka. Alisema Eliya alikaa chini ya mti, akamwambia Mungu imetosha, niue tu. Na malaika alipokuja hakumwuliza, imani yako iko wapi? Hakumwuliza, nabii mzima unalala hivi? Alimwamsha ale. Akala, akalala tena. Malaika akamwamsha tena ale. "Mahubiri yote ya malaika yule," akasema padre, "yalikuwa chakula." Nilitoa macho kwenye upindo, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Mchana ule nilifika nyumbani, Mama Hilda akapakua, akasema, "Kula, Baba Hilda." Nikala, nikimfikiria yule malaika.

Siku chache baadaye nilitoka barazani kwenda uani kunywa maji. Mama Hilda alikuwa amekaa mlangoni, amenunua koti la kijani la mtumba, analifumua apate kitambaa cha sketi ya mtoto. Kwa wembe. Nikasimama nyuma yake. Alikuwa anakata mshono mmoja, anaruka miwili, anakata mmoja, anaruka miwili, halafu anavuta kwa pini, uzi unatoka vipande vifupi vinavyolingana. Kila fundi ana namna yake ya kufumua. Hiyo ni yangu. Nilimfundisha mwenyewe tulipokuwa ndiyo kwanza tumeoana. Na vipande vya namna hiyohiyo ndivyo nilivyokuwa navifagia kwenye sakafu ya sakristia. Nikakumbuka, taratibu, kama mtu anayeamka, kwamba nguo za altare hufuliwa Jumamosi na akina mama, na kwamba aliyekuwa na zamu ya kanzu ya padre miezi ile alikuwa mke wangu.

Sikunywa maji. Nilirudi kwenye cherehani nikalia, na mteja alipopita nikamwambia mafuta ya mashine yameniingia machoni. Nililia kwa sababu mwanamke yule alinijua. Alijua maneno hayatanirudisha, wala padre, wala aibu. Alijua kimebaki kitu kimoja tu kinachoweza kuninyanyua kitini, nacho ni kiburi changu cha mshono. Basi akachukua wembe, akaharibu kazi ya mume wake, Jumamosi baada ya Jumamosi, ili mume wake awe na sababu ya kuingia kwenye nyumba ya Mungu. Mungu niliyedhani ni ukuta alikuwa amenisikia. Alikuwa ananijibu kwa upindo.

Sikumwambia kitu. Nikaendelea kumlaani panya kwa sauti kubwa, naye akaendelea kunionea huruma. "Pole, Baba Hilda. Panya hawa!" Eti panya hawa. Uso mkavu kabisa!

Sasa mnasubiri niwaambie kwamba furaha ilinirudia siku hiyohiyo. Haikurudi. Hapa ndipo lile somo la Mzee Anania linapoingia. Imani yangu ilikatika kwenye Kipaimara, na muda wote nilikuwa nang'ang'ana kuanzia palepale: kwa nini, Mungu, kwa nini? Kila nilipojaribu, mshono uliachia. Nikaona nifanye kama fundi. Nikarudi nyuma kidogo, mahali ambapo bado panashika. Baba Yetu niliyofundishwa na mama yangu, nikaisema, bila kusikia utamu wowote. Kupiga magoti, magoti yenyewe yalishazoea kwa sababu ya sindano. Na besi. Kwaya bila besi ilikuwa inaelea tu, masikio yangu hayakuvumilia, Jumapili moja nikajikuta naunguruma nikiwa kulekule nyuma. Mwalimu wa kwaya akageuka, akaniita kwa kidole, nikaenda. Nilishona hivyo juu ya mshono wa zamani, siku kavu juu ya siku kavu, na siku moja nikagundua nimeshapita pale palipokatika. Siwezi kuwaambia ilikuwa lini. Sikuiona.

Mitumba haikuondoka. Msidanganywe na mtu kwamba ukivumilia kila kitu kinarudi kama zamani. Niligundua tu kwamba mtu aliyenunua suruali ya Mzungu mrefu anahitaji fundi wa kuipunguza, na fungu la Zakaria likawa linaniletea wateja. Yeye mpaka leo hajui kwamba niliwahi kumfanya panya. Kama wajukuu zake wanasoma hapa, wamfikishie salamu zangu. Nami nilijifunza kwamba imani yangu nilikuwa nimeikata kama zile suruali za Mbinga. Ilinikaa vizuri kwenye mchanga tu.

Kanzu ikaacha kufumuka. Lakini upindo wake ulishatobolewa na sindano mpaka ukalegea, ikabidi padre ashonewe mpya. Kitambaa kilikuwepo, si mnakumbuka? Lile jora jeupe, limesharoweshwa na kila kitu. Likatoa kanzu ya padre, likatoa kitambaa cha altare, na nguo za ubatizo za watoto wengi wa hapa. Edita, muulize mama yako yake ilishonwa na nani.

Na sasa nirudi kwenye lile neno lako, Edita, nililojifanya sikulisikia. Ni kweli hamnioni. Macho yangu yamekwisha. Cherehani nimeshaitoa, tenzi sizisomi, mkono wa mwalimu wa kwaya nauona kama ukungu. Tangu mvua zianze nimekuwa nakaa nyumbani Jumapili, najiambia miguu inauma. Miguu haiumi. Nilikata tamaa tu, nikajiuliza kanisa litafanya nini na fundi asiyeona. Ndiyo, hata mwenye umri wangu, hata baada ya yote hayo niliyowasimulia. Nisingewaandikia ukweli kama ningelificha hilo.

Jumatatu hii Mama Hilda ameingia na kitu begani, akaniwekea mapajani. "Kanzu ya padre mpya," akasema. "Anaomba uangalie upindo."

"Niuangalie kwa macho gani?"

"Uupapase."

Nikaupapasa. Vidole vyangu bado havijastaafu. Upindo ulikuwa umeachia kwa mbele, na nyuzi zilizobakia zilikuwa fupifupi, zinalingana, ncha zake safi. Nikakaa nazo mkononi. Kuku walikuwa wanapita, mahali fulani redio inaimba, na mke wangu amesimama mbele yangu, nasikia anavyojizuia kupumua.

"Mama Hilda," nikasema, "panya wamerudi."

Akashusha pumzi. Halafu akauliza, sauti ndogo, "Kumbe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu lile koti la kijani."

"La kijani! Wakati Hilda anavaa sketi za shule? Miaka yote hiyo! Na mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeacha."

Alicheka mpaka akakaa chini, mkono wake juu ya goti langu, na kicheko kilipoisha mkono haukuondoka. Halafu akatia uzi kwenye sindano, maana mimi tundu silioni, akaniwekea kati ya vidole. Upindo nimeushona kwa kupapasa, nimeukunja mara mbili, nimeupiga mara mbili. Hili andiko nalo ni yeye anayeliandika huku nikisema, na hapo kwenye panya amegoma mara kadhaa.

Kanzu iko tayari, imetundikwa mlangoni. Jumapili nitaipeleka mwenyewe, yeye akinishika mkono. Besi sihitaji macho kuiimba, kwa hiyo mwambieni mwalimu wa kwaya aniwekee nafasi.